Meshi ya vipande vitatu kwenye boma la Maragoli, na bomba la chuma nililopaswa kununua kwanza

Tangu Januari hadi Mei mwaka jana, ofisi yangu ilikuwa kigoda chini ya mparachichi. Nashika hesabu za maduka matatu, mawili ya Nairobi na moja la Kisumu, na kazi hiyo haina huruma: tarehe 9 ni PAYE, tarehe 20 ni VAT, na KRA, mamlaka ya kodi, haitaki kusikia kwamba kwenu Vihiga mtandao umelala. Chumbani kwangu waifai ilikuwa na kamstari kamoja, kanaonekana, kanapotea. Chini ya mparachichi mistari ilikuwa miwili. Basi kila asubuhi nilibeba laptopu, kigoda na leso ya kujifunika pamoja na kioo jua likipanda, nikaenda kukaa na kuku. Siku moja mteja wa Nairobi aliona kwenye video miti, viti vya plastiki na watu wakipita nyuma yangu, akaniambia pole sana, akataka kujua mazishi ni ya nani.

Hapo ndipo nilipoamua kununua meshi, yaani vipande kadhaa vya waifai vinavyosambaza mtandao mmoja boma zima. Sasa ni miezi kumi na moja tangu niiweke, nimeiona wakati wa jua na wa mvua, na nina la kusema kuihusu. Vifaa ni vizuri na vikiharibika leo nitanunua vingine kama hivyo. Ila niliianza kazi kwa mkia. Pesa zangu za kwanza zilipaswa kwenda kwenye bomba la chuma la mita tatu, na hadithi ya bomba hilo inakuja.

Kwanza mjue boma lenyewe. Liko kwenye mteremko, chini ya barabara ya murram inayoachana na lami kabla hujafika Mbale. Nyumba kubwa ni ya matofali yaliyopigwa plasta, vyumba vinne, juu mabati na siling'i bodi. Nyuma yake, hatua kama kumi na tano, kuna jiko la Mama, la udongo. Ukishuka kupita migomba unafika kwenye simba ya mdogo wangu. Kwa msiotoka magharibi, simba ni nyumba ya kijana ambaye bado hajaoa, na ya huyu wetu ni mabati juu na mabati kuta zote nne. Kutoka mlango wa nyuma wa nyumba kubwa hadi kwake ni mita 32. Nilipima kwa kamba ya ng'ombe, baadaye fundi akapima kwa tepu, tukapishana kwa nusu mita.

Faiba, ile kebo ya uzi wa kioo, haijafika njia yetu. Tunalipia kampuni ndogo ya huku huku yenye mnara kilimani, 2,500 kwa mwezi kwa megabiti 10. Juu ya paa kuna antena kama sahani ya ugali inayotazama mnara huo, mwendo wa kilomita tatu hivi ukipita angani. Kebo inashuka kutoka kwa antena, inaingia kwenye kisanduku cheusi cha PoE, kile kinachopitisha umeme ndani ya kebo hiyo hiyo ya mtandao, inatoka hapo kwenda kwenye ruta. Ruta walitupa wenyewe siku ya kufunga. Mama akaiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya kioo, katikati ya glasi za wageni, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Ilikaa hivyo miaka mitatu. Nilipoitoa na kuiweka juu ya kabati, sebule yote ikapata mtandao mzuri bila senti. Chumbani kwangu, kuta mbili mbele, hakuna kilichobadilika.

Nikapanda matatu hadi Kisumu. Duka la kwanza, Oginga Odinga Street, nilionyeshwa ruta yenye antena sita zilizosimama kama miguu ya kaa aliyelala chali. "Madam, hii inapiga mpaka kwa jirani." Nikamwambia sina shida na jirani, nina shida na chumba changu. Duka la pili nilimkuta kijana ambaye, kabla ya kunionyesha chochote, aliuliza nyumba ni ngapi, kuta ni za nini, na stima iko wapi. Nilipotaja mabati aliguna. Akasema, "Dada, kwa hiyo ya mabati nitakuuzia, lakini jiandae kununua na kebo." Nilidhani anataka kuniongezea bili. Nilikuja kumkumbuka sana mwezi wa sita.

Ndiye aliyenieleza tofauti ya meshi na kile kifaa cha bei rahisi cha kurudia mawimbi, kile unachokichomeka ukutani. Kile cha kurudia mara nyingi kinakuwa na jina lake la waifai, na simu yako haijui kuhama. Unatembea kwenda jikoni huku simu imeng'ang'ania ruta ya sebuleni mpaka ikatike kabisa. Meshi ina jina moja boma zima, vipande vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, na simu inapokezwa kutoka kwa kimoja hadi kingine bila wewe kushtuka. Nililipa 17,800 kwa boksi la TP-Link Deco M4 lenye vipande vitatu, nikalipakata hadi Mbale.

Ndani ya boksi kuna silinda tatu nyeupe, kila moja kimo cha sentimita 19, adapta tatu na kebo moja fupi. Hazina pembe wala antena za nje. Mama aliuliza kama ni za kuwekea maua. Kila silinda ina matundu mawili ya kebo upande wa nyuma, yote ya gigabiti, na hayo matundu mawili yalikuja kuniokoa. Maandishi ya AC1200 kwenye boksi yasikutishe. Ni megabiti 300 za mawimbi ya gigahezi 2.4 na 867 za mawimbi ya gigahezi 5, zikajumlishwa na kuviringishwa. Ni kasi ya kifaa na kifaa, si ya intaneti unayolipia. Muuzaji alikuwa pia na zile mpya za Waifai 6. Kwa megabiti zangu 10 hiyo ingekuwa kukodi lori la kubebea debe moja la mahindi.

Niliiweka Jumapili baada ya kanisa. Unashusha programu ya Deco kwenye simu, unafungua akaunti, unaipa ruhusa ya kujua ulipo, kisha inakushika mkono hatua kwa hatua. Unachomeka silinda ya kwanza, unangoja taa yake iwe ya bluu, unaunganisha. Dakika kumi hivi. Mimi nilitumia saa tatu, na kosa halikuwa la programu. Ilifika mahali ikaniuliza aina ya muunganisho. Kampuni yetu inatumia PPPoE, maana yake kuna jina na neno la siri ambavyo ruta ya zamani ilikuwa imehifadhi tumboni na mimi sikuwahi kuambiwa. Nikapiga simu ofisini kwao. Jumapili. Iliita mpaka ikachoka.

Mtu akikwama hapo asivunjike moyo. Nenda kwenye mipangilio ya programu, uchague hali ya sehemu ya kufikia, ile wanayoiandika AP. Ruta ya zamani inaendelea kushika intaneti na kugawa anwani, Deco zinasambaza waifai tu. Zima waifai ya ile ruta ya zamani ili zisigombane hewani. Mimi niliacha jina na neno la siri yale yale ya zamani, na simu ya Mama ikaingia yenyewe bila kuguswa, jambo ambalo peke yake liliniokoa maelezo ya nusu saa. Jumatatu walishika simu, wakanitumia jina na neno la siri kwa ujumbe, nikaondoa ruta ya zamani kabisa.

Kwenye kuondoa ndiyo nusura tuunguze kila kitu. Mdogo wangu, ambaye hakuna asichokijua, alichomoa kebo na kuanza kuzirudisha kwa kubahatisha. Kile kisanduku cheusi kina matundu mawili yanayofanana, moja limeandikwa LAN, jingine POE. La POE linapandisha umeme wa volti 24 juu ya paa kulisha antena. La LAN ndilo la kwenda kwenye ruta. Alikuwa ameshika kebo ya Deco mpya, senti yangu haijakauka, akiielekeza kwenye POE. Nilimpiga mkono kama mtoto anayegusa jiko. Leo hayo matundu yana plasta ya kidonda juu yake, nyekundu na nyeupe, na hakuna ruhusa ya kubahatisha.

Matokeo ya siku hiyo. Sebuleni megabiti 9.6. Chumbani kwangu, ambapo palikuwa 0.8 siku ikiwa njema, 9.3. Niliirudia mara nne kwa kutoamini. Jikoni 7, kutoka kwa kipande cha chumbani kilicho karibu na dirisha la nyuma. Udongo na mianya ya chini ya paa havizuii sana. Mama aliongea na dada yangu aliye Doha kwa video kutoka kiti cha sebuleni hadi kwenye mafiga, akageuza sufuria, akamwonyesha mrenda unavyochemka, na simu haikukatika. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha hapo.

Nilikuwa nimeonywa kwamba meshi inayoongea bila kebo inapoteza kasi kila inaporuka kutoka kipande hadi kipande, kwa sababu wimbi lile lile linapokea na kutuma. Ni kweli. Lakini piga hesabu: vipande viwili vya nyumba kubwa vinaongea kwa zaidi ya megabiti mia. Kata nusu, kata tena nusu, bado inapita mbali kumi zangu. Anayepaswa kuumia kichwa ni yule wa mjini mwenye faiba ya mia tano.

Simba sasa. Kipande cha tatu kiliwaka nyekundu. Baada ya kusogezwa sogezwa kikawa kijani, tukapima: megabiti 1.1. Mabati ni chuma, na wimbi la waifai likigonga chuma linarudi lilikotoka. Nyumba ya mabati pande zote ni sanduku. Wimbi la nje haliingii, la ndani halitoki. Tukagundua kwamba dirisha likifunguliwa kasi inapanda hadi 6, likifungwa inarudi 1. Dirisha lenyewe ni mabati pia. Kijana akalala na dirisha wazi wiki nzima, anatazama mpira, mbu wanamtazama yeye. Nikasema nitalipa tu hiyo kebo ya yule kijana wa Kisumu.

Hii ndiyo sehemu ya kazi yote niliyoipenda, kwa hiyo mnivumilie. Tulinunua kebo ya mtandao ya Cat6 ya nje, ile yenye ganda jeusi, mita 40 kwa 70 kila mita. Fundi alikata ncha dukani, akakwangua waya mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu ni shaba tupu. Ukitoa weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hiyo muache nayo mwenye duka. Duka la kwanza ilitoa weupe, tukatoka. Bomba jeusi la maji la nusu inchi, mita 40 nyingine kwa 40 kila mita, la kupitishia kebo. Jumamosi mdogo wangu alichimba mfereji wa kina cha jembe, kutoka ukuta wa nyuma, kupita kando ya viazi vitamu vya Mama, ambaye alisimama hapo muda wote akihesabu mashina, hadi simba. Kebo ilipitishwa kwenye bomba kabla ya kufukiwa, kwa kufungwa kwenye waya wa kujengea na kuvutwa, mimi nikisukuma huku, yeye akivuta kule, tukiitana kama watu wa kuvuta nyavu ziwani.

Kisha fundi akakaa kwenye kizingiti na kufunga vichwa. Nyaya nane ndogo, azinyooshe kwa kucha, azipange: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Azikate ziwe sawa, azisukume ndani ya kichwa cha plastiki, abane kwa koleo. Ana kijisanduku cha kupimia chenye taa nane. Kimoja unakiweka ncha hii, mwenzake ncha ile, na taa zinawaka kwa zamu. Moja, mbili, tatu ikaruka, nne. Hakusema kitu. Alikata kichwa kile, akakitupa kwenye migomba, akaanza upya. Mara ya pili zikawaka zote, moja hadi nane, na mdogo wangu kule simba akapiga kelele kana kwamba Gor Mahia wamefunga bao. Mfereji haukutulazimu kubadili lolote kwenye programu. Deco iliiona kebo yenyewe, ikaacha kutumia hewa. Simba ikapata 9.5 na dirisha limefungwa.

Fundi alichukua elfu moja na chai.

Programu ina mambo mengine niliyoyaonja. Inaonyesha kila kilichounganishwa, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba boma la watu watatu lina simu kumi na nne. Marafiki wa simba. Nikawatengenezea mtandao wa wageni wenye neno lake la siri, na laptopu yangu nikaipa kipaumbele. Kwa wanaopenda kuchokonoa mipangilio kupitia kompyuta, jueni kwamba karibu kila kitu kinafanyiwa kwenye simu. Simu ikiibwa unaanza kwa kutafuta neno la siri la akaunti. Taa za silinda unaweza kuzizima usiku. Ya chumbani kwangu ilikuwa ikinimulika kama bundi.

Kufikia hapo ningekuwa nimeandika nyota tano na kwenda zangu. Lakini mwezi wa nane mvua zilirudi, na mtandao ukaanza kufa kila baada ya mvua. Si wakati wa mvua yenyewe tu. Saa mbili baada yake, jua limetoka, bado unajikokota. Nililaumu meshi. Nilizima na kuwasha, nikairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani mara mbili, nikaweka yote upya. Nilikuwa karibu kurudi Kisumu na boksi.

Kilichonisaidia ni jambo dogo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningelijua. Chomeka laptopu kwa kebo kwenye Deco ya kwanza, fungua madirisha mawili meusi ya amri. La kwanza andika ping 192.168.68.1 -t, hiyo ni anwani ya Deco yenyewe. La pili andika ping 8.8.8.8 -t, hiyo iko huko nje duniani. Amri hiyo inabisha hodi na kupima jibu linachukua muda gani kurudi. Yaache yakimbie pamoja wakati mtandao unasumbua. Kwangu dirisha la kwanza lilikuwa milisekunde moja, moja, moja, bila kukosa hata mara moja. La pili lilikuwa mia tatu, kimya, kimya, mia sita, kimya. Maana yake ndani ya boma kila kitu kilikuwa salama. Ugonjwa ulikuwa unaanzia kwenye paa na kwenda juu.

Nilipiga simu kwa kampuni mara tatu ndipo fundi wao akaja. Alifungua ukurasa wa antena kwenye simu yake, panapoonyesha nguvu ya mawimbi inayopokea: -76. Kisha akageuza kile kisanduku cheusi, na nyuma yake, kwa biro, kulikuwa na maandishi ambayo mwenzake aliyaacha siku ya kufunga: -59. Hizo ni desibeli, na si hesabu ya kutoa tuliyoizoea. Kila desibeli tatu zikipungua, nguvu inakatika nusu. Kushuka kumi na saba ni kubaki na karibu sehemu moja ya hamsini ya ulichokuwa nacho. Hakuna meshi duniani ya kurudisha hiyo. Kuongeza vikombe si kuongeza chai.

Tukatoka nje tukatazama kilimani. Miaka mitatu iliyopita antena yetu ilikuwa inauona mnara wazi. Sasa mikaratusi ya jirani ilikuwa imesimama katikati, na mnara unachungulia kwenye tundu la majani. Huku kila mtu husema mvua inakata mtandao. Kwa wimbi hili la gigahezi 5 na umbali wa kilomita tatu, matone yenyewe yanapunguza kidogo sana. Kinachomeza ni maji yaliyokaa kwenye majani, ndiyo maana jua lilikuwa linatoka na shida inabaki mpaka miti ikauke. Tena haitoshi kuuona mnara kwa jicho. Wimbi halipiti kama uzi, linahitaji nafasi pande zote. Katikati ya njia ya kilomita tatu ni kama mita sita kila upande, na inapungua kadiri unavyokaribia ncha. Miti hii iko karibu na ncha yetu, kwa hiyo, fundi alisema, hatuhitaji kwenda mbinguni. Tukipanda mita tatu tu inatosha.

Kabla ya kupanda nilijaribu njia ya amani. Nilienda kwa jirani na kilo ya sukari, nikamwamkia, tukaongea habari za ng'ombe na za mvua, mwisho nikataja ile miti miwili ya pembeni.

"Binti yangu," Mzee akasema, "hiyo si miti. Hiyo ni karo ya wajukuu."

Sikuwa na jibu, sukari nikaiacha. Kule Mbale, kwa mafundi wa jua kali, nilinunua bomba la chuma la inchi moja na nusu, mita tatu, wakanichomea vishikio vya ukutani, 3,900. Kulisimamisha na kulifunga kwa nyaya ili upepo usilitingishe, elfu moja. Antena ikapanda, fundi akaigeuza kidogo kushoto, kidogo chini, huku mdogo wangu akimsomea namba kutoka chini: sabini, sitini na sita, sitini na mbili, umepita, rudi, sitini na mbili. Akakaza. Akaandika kwa biro chini ya ile ya zamani: -62. Jioni hiyo ilinyesha, na asubuhi nilipima kabla majani hayajakauka: 9.8.

Kwa hiyo ipime hesabu yangu. Shilingi 4,900 za bomba ndizo zilizoponya ugonjwa, na 17,800 nilizilipa kwanza kwa kudhani ndiyo dawa. Ningeanza na bomba, kisha kebo ya simba, halafu meshi. Na bado meshi ningeinunua, kwa sababu ya chumba changu na kwa sababu ya Mama na mafiga yake. Mikaratusi haisubiri mtu, lakini. Naipa miaka miwili, mitatu, kisha ama Mzee amelipa karo ama mimi nanunua bomba lingine. Jirani wa upande wa juu amechukua Starlink, intaneti ya setilaiti, ambayo ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023. Yeye hashughulikii mnara wala kilima, anachohitaji ni anga iliyo wazi juu ya paa, na kwa mwenye miti ya watu pande zote hilo ni jambo la kufikiria.

Stima ni habari fupi. Nilinunua betri ndogo ya 3,200 yenye tundu la volti 12 na tundu la PoE, inalisha antena na Deco ya sebuleni kwa saa mbili na nusu hivi. Hakikisha volti ya PoE yake ni sawa na ya antena yako na kwamba inatoa ampea zinazoandikwa kwenye adapta. Simba inazimika, na mwenye simba analalamika.

Radi si fupi. Yeyote aliyeishi Vihiga au Kakamega anajua saa tisa za mchana zinavyosikika msimu wa mvua. Kebo ya shaba kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwaliko kwa radi, hata ikiwa chini ya ardhi. Tumekubaliana kuchomoa ncha zote mbili wingu likifunga, na mara nyingi tunakumbuka. Mwezi huu wa Aprili, siku moja mdogo wangu alikuwa sokoni, ilipiga mahali karibu, na tundu moja la Deco ya simba likafa. Ndipo nilipobariki yale matundu mawili: alihamishia kebo kwenye la pili, ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Ningekuwa nachimba leo ningefukia faiba nyembamba na vigeuzi viwili vya bei nafuu kwenye ncha, maana kioo hakipitishi umeme. Bomba liko chini tayari. Siku lile tundu la pili likifa, nitavuta kebo na kuacha nyuma yake uzi wa kuvutia faiba.

Zote pamoja, na betri, zimefika 31,300. Mparachichi umerudi kuwa wa kuku. Kitambaa cha kufuma Mama alikirudisha mara mbili juu ya silinda ya sebuleni. Sasa tumeafikiana kikae chini yake, na amefuma kingine kidogo cha ile ya chumbani kwangu.

Wiki iliyopita kampuni ilituma ujumbe kwamba kuna kifurushi cha megabiti 20 kwa 3,500. Kwa -62 antena yetu inakiweza. Mdogo wangu, ambaye ndiye hupakua mechi saa nne usiku wakati Mama yuko kwenye maombi ya mtandaoni, amesema hiyo elfu moja ya juu ni yake kila mwezi. Mwezi unaanza Alhamisi. Simu iko mkononi, naingoja M-Pesa.